Mbwa Aliyempiga Mwenyekiti Risasi

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, Lyle Kitzmiller alipigwa risasi ya kalio na mbwa wake mwenyewe. Kama unadhani hilo ndilo lililokuwa jambo la ajabu, basi hujawahi kuhudhuria kikao cha klabu yetu.

Lyle ni jirani yangu, shamba langu na lake yametenganishwa na seng'enge tu. Amekuwa mwenyekiti wa Klabu ya Bunduki ya Bellknap tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ndiye aliyetufundisha sisi sote na watoto wetu kushika silaha. Alikuwa na amri zake, akitukaririsha kama sala: kila bunduki ihesabu ina risasi, usimwelekezee mdomo wa bunduki kiumbe usiyetaka kumuua, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua. Huku kwetu Missouri, kwenye vilima vya Ozark, mwanamume anaweza kusahau siku aliyooa, lakini amri za Lyle hazisahau.

Mbwa wake anaitwa Seneta. Ni mbwa wa kuwindia, mwenye madoa ya kijivu na masikio marefu kama soksi zilizoanikwa. Lyle alimpa jina hilo kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mbwa huyo anakula vizuri, analala mchana kutwa, na ukimwita kwa shida haji.

Kila msimu Lyle huenda msituni na mkewe, Marvella. Lyle huendesha pikapu, na wakifika kwenye lango la malisho ya nyuma, Marvella hushuka upande wake wa kulia, akafungua mnyororo ulio kwenye nguzo pale pale karibu na mlango wa gari. Asubuhi ile Marvella alikuwa kitandani na mafua. Lyle akaenda na Seneta. Alipofika langoni alishuka, akazunguka gari, akainama kufungua mnyororo. Bunduki aliiacha kwenye kiti cha mbele, mdomo umeelekea mlango wa kulia. Kindi akakatiza njia. Seneta, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma, akamwona, akaruka mbele kwa miguu yote minne.

Mimi nilikuwa zizini kwangu. Nikasikia mlio, nikasema moyoni, Lyle tayari kapata nyama. Kisha nikasikia kelele, nikajua kuna jambo, maana kulungu akipigwa hamtaji Yesu.

Nilimkuta amekumbatia nguzo kama mtu anayecheza dansi na mke wa mwenzake, anaogopa kubana na anaogopa kuachia. Seneta alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mbele ya usukani, ananitazama.

"Lyle! Nani kakupiga?"

"Seneta."

"Lyle, ndugu yangu, mimi sitanii."

"Emmett, unaona mimi natania?"

Nikamlaza kifudifudi nyuma ya pikapu yangu, nikampeleka hospitali ya kaunti, Seneta naye kakaa mbele kwa sababu hakukuwa na muda wa kubishana. Mlango wa gari ulikuwa umepunguza nguvu za risasi, na mengine yalimalizwa na mafuta ya Lyle mwenyewe. Daktari aliitoa risasi bila taabu kubwa, akasema mzee ataishi, ila kukaa asahau mpaka Krismasi. Kwa hiyo tukawa na mwenyekiti asiyeweza kukaa kitini. Utani huo ulimfika kila mtu mjini kabla ya chakula cha mchana.

Shida ilianza na askari wa kaunti, mgeni aliyetoka Kansas City wiki chache nyuma. Mtu akiletwa hospitali na jeraha la risasi, lazima polisi waje. Akasimama kando ya kitanda.

"Mzee, nani kakupiga?"

"Seneta," akasema Lyle, uso kauzamisha kwenye mto.

"Unamfahamu?"

"Nisimfahamu vipi? Nimemlea mimi. Nilimchukua hajafumbua hata macho."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Hapana. Alimwona kindi."

Askari akatoka nje, akazungumza na wenzake kwa redio ya upepo. Huku kwetu kila mwenye banda anasikiliza redio ya polisi, na mmoja wa wasikilizaji ana shemeji yake kwenye stesheni ya redio ya Springfield. Saa sita mchana ikatangazwa: mwindaji mmoja wa Bellknap amejeruhiwa kwa risasi, na anayedaiwa kufyatua ni seneta. Alasiri ofisi ya mheshimiwa mmoja ilinipigia mimi simu, sijui nani aliwapa namba yangu, kuniambia kwamba mheshimiwa wakati huo alikuwa kwenye ubatizo na mashahidi wapo. Nikawaambia hapana wasiwasi, seneta wetu yuko hapa barazani kwangu anajilamba. Wakakata simu.

Sasa nikuelezee kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwetu kuliko kicheko chake.

Majira ya kuchipua yaliyopita, Orpha Dill aliwasilisha hoja kwenye klabu. Orpha ana duka la vifaa vya shamba: misumari, chumvi ya ng'ombe, risasi, kila kitu. Anapiga shabaha kuliko wengi wetu, na hakuna anayethubutu kushindana naye kwa kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Zamani alimzika mpwa wake, kijana aliyekuwa akisafisha bunduki ambayo nyumba nzima iliapa haina kitu. Lyle alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Hoja ya Orpha ilikuwa ndogo: bunduki zote ziingie klabuni bila risasi, garini zisikae zimekokiwa, na nyumbani zifungiwe kwenye sefu.

Buford Sammons ndiye aliyeibomoa. Buford ni mtu mkubwa, sauti yake mtu anaisikia kabla ya kuona kofia. Mkewe alikuwa amefariki kipindi cha baridi, na tangu hapo sauti ilizidi kupanda, kama redio katika nyumba tupu.

"Orpha, wewe unauza makufuli!" alisema siku hiyo. "Unataka sheria au unataka soko?"

"Risasi pia nauza, Buford. Umewahi kunisikia nikileta hoja mzipige nyingi zaidi?"

"Leo kufuli, kesho serikali inahesabu bunduki, keshokutwa wanakuja mlangoni kuchukua!"

"Nani anakuja? Mimi? Mlangoni kwako nimekuja na supu, hukufungua."

Watu walicheka, lakini walikuwa upande wa Buford. Na Lyle, mwenyekiti, alifunga mjadala kwa maneno ambayo kila mtu aliyakumbuka baadaye: "Orpha, sheria ni za wajinga. Sisi hapa tunajua tunachofanya." Hoja ikaanguka. Orpha mwenyewe tu ndiye aliyenyoosha mkono. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kwa hiyo Lyle alipolala kifudifudi pale hospitali, watu walipita kumwona wakiwa na sura za msiba, na hakuna aliyeuliza swali moja ambalo kila mmoja alikuwa nalo. Waliuliza hali ya hewa. Waliuliza chakula cha hospitali. Orpha alileta mkate wa mahindi, akauweka mezani, akamshika bega.

"Sikuulizi kitu, Lyle."

"Najua huniulizi," Lyle akasema. "Ndiyo maana inauma."

Aliyeuliza ni Marvella, na hakuuliza kwa mdomo. Lyle aliporudishwa nyumbani, nilikuwa nimewarejeshea pikapu yao. Marvella alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia, akasimama kando ya mlango wa kulia wa gari. Akatia kidole kwenye tundu la risasi. Kisha akageuka, akalipa gari mgongo, akasimama wima kama anavyosimama langoni, akapeleka mkono nyuma kulitafuta tundu lile. Lilikuwa usawa wa figo.

"Lyle, njoo uone," akasema.

Lyle akaja na fimbo yake, hatua fupi fupi.

"Wewe ulikuwa umeinama kwa sababu hukuzoea ule mnyororo," Marvella akasema. "Mimi siinami. Mimi naufungua kwa kupapasa, nimekupa gari mgongo. Miaka yote."

Lyle akafungua kinywa.

"Usiniambie habari za mbwa," akasema Marvella. Aliingia ndani, akatoka na begi, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mto. Hakuubamiza mlango, jambo lililomtisha Lyle zaidi.

Kikao cha dharura kiliitishwa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, kwenye jumba letu la klabu. Chungu cha maharagwe na nyama kilikuwa jikoni, kahawa imechemka, na ukumbi ulijaa kuliko siku ya karamu yetu ya kukaanga kambare. Lyle alisimama mbele, ameegemea meza. Seneta alilazwa karibu na jiko la kuni, kwa kuwa ndiye mshtakiwa. Marvella alikuja pia, akakaa nyuma kabisa bila kuvua koti.

Buford alisimama kwanza.

"Ndugu wanachama," akasema, "watu wa nje watasema bunduki imempiga mwenyekiti wetu. Uongo! Bunduki haipigi mtu. Mbwa ndiye anayepiga!"

Makofi. Mtu akapiga mluzi. Seneta alinyanyua sikio moja.

"Natoa hoja," Buford akaendelea, "mbwa huyu asiruhusiwe tena kukaribia silaha maisha yake yote, na klabu imlaani."

Tungeishia hapo, tukala maharagwe yetu, kama mzee mmoja wa upande wa dirishani asingeinua mkono. "Samahani," akasema, "lakini Seneta si ni mwanachama?"

Watu wakageuka kumtazama mbwa. Ilikuwa kweli. Miaka michache nyuma kaunti ilitaka idadi fulani ya wanachama ndiyo itupe uwanja wa shabaha, na tukapungukiwa na mmoja. Lyle akamwandikisha Seneta, sote tukacheka na kupiga makofi. Alikuwa na kadi. Picha yake ilitoka vizuri kuliko ya Buford.

"Kama ni mwanachama," mzee yule akasema, "ana haki zake. Hatuwezi kumnyang'anya mwanachama haki ya silaha kwa sababu ya ajali moja. Tumepinga jambo hilo miaka yote. Tutalifanya wenyewe?"

"Ni mbwa!" Orpha akasema.

"Leo ni mbwa," mzee akajibu. "Kesho nani?"

Hapo, ndugu yangu, moto ukawaka. Nusu ya ukumbi ikasimama upande wa Seneta. Nimewaona watu hawa wakipiga kura wakiwa wanasinzia, lakini siku ile walitetea haki ya mbwa kubeba silaha mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mmoja alisema Katiba haijataja idadi ya miguu. Mwingine akasema Seneta hana rekodi yoyote ya uhalifu, ukiacha kuku wa mchungaji. Yule aliyetaka mbwa apitishwe kwenye mafunzo ya usalama alizomewa, kwa sababu mafunzo ya lazima ni mwanzo wa utawala wa mabavu. Ikapendekezwa basi Seneta ajitolee mwenyewe kuhudhuria. Akaulizwa. Akapiga mwayo. Hilo nalo likazua ubishi, wengine wakisema amekubali.

Buford, aliyeileta hoja, alianza kuikimbia. "Mimi sikusema anyang'anywe," akasema, jasho linamtoka. "Nilisema... asikaribie. Kwa hiari."

"Ajali haina kinga!" mtu akapaza sauti.

"Kinga ipo," Orpha akasema. "Inaitwa kufuli."

"Haya, soko limefunguliwa!" wakamjibu.

Lyle akagonga meza kwa fimbo. Alikuwa amepauka. Nilimwona akitazama nyuma ya ukumbi, pale alipokaa mkewe, kisha akatutazama sisi.

"Mwacheni mbwa," akasema. "Bunduki niliikoki mimi. Niliiacha mimi kwenye kiti, ikiwa imekokiwa, kwa sababu lango ni la kufungua mara moja tu, nikasema nani atakufa ndani ya mara moja. Nimefanya hivyo miaka mingi. Nilikuwa nawafundisha watoto wenu kitu ambacho mimi sikifanyi nikiwa peke yangu. Siku nyingine angekuwa amesimama Marvella pale. Leo tungekuwa tumekusanyika kanisani kumzika, si hapa. Kosa ni langu."

Chungu cha maharagwe kilikuwa kinatokota, ukasikia kila povu.

Buford ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo nadra. "Mwenyekiti, umechoka. Ni dawa za maumivu hizo."

"Sijameza dawa tangu jana."

"Basi ni maumivu yenyewe."

"Buford, nakwambia ni mimi."

"Mwenyekiti, haiwezi kuwa wewe!" Buford akasema, na sasa sauti ilimpanda na kutetemeka. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Kama wewe unaweza kusahau, basi sisi... basi mtu yeyote..." Akavua kofia, akaivaa tena. "Natoa hoja ungamo la mwenyekiti lifutwe."

"Naunga mkono!" ikatoka sauti, kisha nyingine, kisha nyingine.

Lyle alipinga. Aliambiwa hana nafasi ya kusema, kwa kuwa hoja inamhusu yeye. Kura zikapigwa kwa mikono, na kwa wingi mkubwa klabu ikaamua kwamba Lyle Kitzmiller hakufanya kosa lolote. Alisimama pale na bendeji kwenye kalio, ameshindwa kwa kura katika kosa lake mwenyewe. Nami nakwambia, mkono wangu sikuunyoosha, lakini nilielewa kwa nini wenzangu waliunyoosha. Kama Lyle amekosea, basi kila mmoja alikuwa na lango lake mahali, na mtu wake anayesimama pale.

Ndipo Marvella akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kulia nyumbani akamaliza. Kikaanza kidogo, kikamkunja, mpaka akashika kiti cha mbele yake. Wengine wakaanza kumfuata bila kujua wanacheka nini, hata Lyle.

Orpha alingoja kicheko kipoe. Akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Ndugu zangu, nimeelewa. Hakuna binadamu mwenye kosa hapa. Hatari ni mbwa, na mbwa nao wana haki zao. Sasa mimi sitaki sheria ya watu. Naomba utaratibu mmoja mdogo wa kuwalinda mbwa, wasije wakaingizwa kwenye aibu kama hii."

"Endelea," Buford akasema kwa mashaka.

"Mwenye mbwa asiiache bunduki iliyokokiwa mahali ambapo mbwa anaweza kufika. Ndani ya gari, risasi itoke kwanza, maana hujui mbwa yuko wapi. Nyumbani ifungiwe, maana mbwa analala popote. Na klabuni ije tupu, kwa kuwa Seneta ni mwanachama na anaingia wakati wowote apendapo."

Watu wakatazamana. Nilimwona mzee wa dirishani akiipitia hoja kichwani, akiitafuta serikali ndani yake, asiione.

"Hii haiwagusi watu?" akauliza.

"Haitaji mtu hata mmoja."

"Wala haihesabu bunduki?"

"Inahesabu mbwa, na hata hao haiwahesabu."

"Basi hiyo ni akili ya kawaida," akasema mzee. "Mbwa hana busara ya silaha. Kila mtu anajua."

Hoja ileile iliyoangushwa majira ya kuchipua, kipengele kwa kipengele, ikapita, safari hii ikiwa na mkia. Hakuna aliyepinga. Buford hakupiga kura upande wowote. Alikuwa anautazama mkono wake juu ya goti, kama ni wa mtu mwingine. Seneta alibaki na kadi yake. Kisha tukala.

Wiki iliyofuata sefu ziliisha dukani kwa Orpha, akaagiza nyingine. Kwenye foleni watu walizungumza kwa sauti, wasije wakafikiriwa vibaya.

"Mimi si kwamba nakubaliana na mambo ya udhibiti," mmoja alimwambia mwenzake, anabeba sefu begani. "Ni huyu mbwa wangu. Msumbufu sana."

"Hata wangu. Juzi kaitazama bunduki kwa namna ambayo sikuipenda."

Mwenye paka alikuja kuuliza kama utaratibu unamhusu. Orpha akamwambia paka ana hila kuliko mbwa, anunue na kufuli la pili. Jamaa akanunua, akatoka ameridhika. Wanaume ambao walikuwa tayari kufa ili wasifungiwe bunduki zao, sasa walifunga kila jioni, wakijaribu mlango wa sefu mara mbili, na mbwa amejinyoosha miguuni akikoroma, hana habari kwamba anadhibitiwa.

Lyle aliendelea kufundisha. Lakini darasa lake lilibadilika. Alianza kila somo kwa kugeuka, akawaonyesha watoto mahali risasi ilipoingia, juu ya suruali bila shaka, akasema: "Aliyekuwa hajui anachofanya ni mimi, sio mbwa." Klabu ilimpelekea onyo kwa kwenda kinyume na uamuzi wa kikao. Akalitundika ukutani. Marvella alirudi siku aliposikia habari hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye sefu, akavuta kitasa, kikagoma, ndipo akavua koti.

Imebaki habari ya Buford, na hiyo ndiyo ninayoifikiria nikiwa peke yangu.

Buford hakuwa na mbwa. Mkewe alikuwa na kifua kibaya, hawakuwahi kufuga kitu chenye manyoya. Kwa hiyo utaratibu haukumhusu hata kidogo, na watu walimtania kuwa yeye ndiye mtu huru wa mwisho katika kaunti. Alicheka nao. Lakini mchana mmoja wa Februari, theluji imegeuka tope, nilikuwa dukani kwa Orpha nikinunua misumari ya seng'enge nilipomwona anaingia na mbwa kwenye kamba.

Kusema mbwa ni kumheshimu. Alimtoa kwenye banda la kaunti la mbwa wasio na wenyewe. Alikuwa mzee, jicho moja limefunga utando, meno hana, miguu ya nyuma inafuata ya mbele kwa kuchelewa. Alipofika kwenye kizingiti cha duka alisimama akakifikiria.

"Nimepata mbwa," Buford akasema, sauti ya chini. "Nahitaji sefu."

Orpha alimtazama mbwa. Mbwa yule asingeweza kupanda kochi, sembuse kufyatua bunduki. Nikamwona Orpha akimeza jibu moja, kisha jingine, yote mawili mazuri.

"Mkali huyu," akasema mwishowe.

"Hatari tupu," Buford akasema. "Hasa jioni. Jioni nyumba ikinyamaza, huwezi kujua atafanya nini."

Mimi niliokota misumari yangu nikaanza kuipanga upya mkononi.

Tukaipakia sefu kwenye gari lake. Orpha akampa funguo mbili. Buford akashika mmoja, akaugeuza geuza, kisha akazirudisha zote mbili kwenye kiganja cha Orpha na kukifunga kwa vidole vyake vinene.

"Kaa nazo wewe," akasema. "Nikitaka kwenda kuwinda nitakuja kuziomba. Huyu mbwa... ni mjanja. Nikizificha nyumbani ataziona."

"Nitakaa nazo," Orpha akasema. "Na kesho nakuja na supu. Safari hii ufungue mlango."

"Inategemea mbwa," Buford akasema, akamwinua yule mbwa mzee kwa mikono miwili, polepole, mguu baada ya mguu, akamweka kwenye kiti cha mbele.